Jinsi ya Kupanga Shanta kwa Safari ya Skii ya Chamonix hadi Zermatt

Anayesafiri kwa skii, yaani mbao mbili ndefu za kutelezea kwenye theluji, kutoka Chamonix, Ufaransa, hadi Zermatt, Uswisi, hukaa siku sita hivi juu ya mito ya barafu ya milima ya Alpi. Hupanda kwa nguvu za miguu yake mwenyewe, huteremka kwenye theluji ambayo hakuna mashine iliyoisawazisha, na usiku hulala katika vibanda vya mlimani vilivyojengwa juu ya miamba kwa ajili ya wapandaji. Njia hii, ambayo kwa Kifaransa huitwa Haute Route, ilikamilishwa kwa skii kwa mara ya kwanza mwaka 1911, na msimu wake huanza katikati ya Machi hadi mwanzoni mwa Mei, wakati theluji imekwisha kushikamana vya kutosha kuziba sehemu kubwa ya nyufa za barafu na mchana umeanza kurefuka. Msomaji aliyewahi kupanda Kilimanjaro atavikumbuka vibanda vya Mandara na Horombo, lakini atawakumbuka pia wapagazi waliombebea mzigo wake. Huku hakuna wapagazi. Kila utakachokihitaji kwa siku hizo sita kitakuwa mgongoni mwako, katika shanta ya lita 35 hadi 40 ambayo, ikiwa na maji na chakula cha mchana ndani yake, nashauri isizidi kilo 10.

Orodha za vifaa zinapatikana kwa urahisi, na kila mwongozaji wa milimani huwapa wateja wake ya kwake. Jambo ambalo orodha haisemi ni mahali pa kukiweka kila kitu, na kwa maoni yangu hapo ndipo wengi hukosea. Tumezoea kufungasha kwa kufuata ukubwa, yaani vikubwa chini, vidogo juu, na vinavyobaki kusukumwa pembeni. Shanta ya skii hupangwa kwa kufuata muda. Kishike kila kitu mkononi ujiulize: siku nitakapokihitaji, nitakuwa na sekunde ngapi za kukipata, na mikono yangu itakuwa katika hali gani? Vipo vinavyohitajika papo hapo, vipo vinavyohitajika kwa dakika chache penye upepo mkali, na vipo ambavyo havitaguswa mpaka jioni ukiwa umeketi mezani kwenye kibanda.

Kifaa cha kwanza hakiingii ndani ya shanta kabisa. Ni transiva, kijiredio kidogo kinachotuma mawimbi ya kilohezi 457 ili mtu aliyefukiwa na poromoko la theluji atafutwe na wenzake, na ambacho kwa kubadilisha kitufe kimoja hugeuka kuwa kipokezi cha kuwatafuta wengine. Kwa kuwa masafa hayo ni yale yale kwa watengenezaji wote, transiva ya kampuni moja huisikia ya kampuni nyingine. Transiva huvaliwa mwilini kwa mikanda yake, chini ya jaketi la nje, au huwekwa katika mfuko wa suruali wenye zipu imara, na huwashwa mlangoni mwa kibanda asubuhi na kuzimwa mlangoni mwa kibanda kinachofuata. Ukiiweka ndani ya shanta, poromoko linaweza kukuvua shanta hiyo, na wenzako wakachimba mahali ambapo haupo. Simu na vifaa vingine vya umeme, hata vifungo vya sumaku, huvuruga mawimbi yake. Kwa hiyo viwe umbali wa sentimita 20 angalau wakati transiva inatuma, na sentimita 50 wakati inatafuta. Anza safari na betri mpya za aina iliyotajwa na mtengenezaji, wala usitumie zile za kuchajiwa iwapo hakuziruhusu waziwazi.

Transiva peke yake haimtoi mtu chini ya theluji. Huenda pamoja na ufito wa kukunja, wenye urefu wa sentimita 240 au zaidi, wa kuchomea theluji ili kujua aliyefukiwa yuko kina gani, na beleshi la kuchimbia. Waliofukiwa kabisa na kutolewa katika dakika kumi za kwanza wengi wao huwa hai. Baada ya hapo matumaini hushuka haraka, kwa sababu mtu hubaki akivuta hewa aliyokwisha kuitoa mwenyewe. Kati ya kazi zote za uokoaji, kuchimba ndiko kunakokula muda mrefu zaidi, maana theluji iliyoporomoka hugandamana mara inaposimama, na ili kumfikia mtu aliye chini ya mita moja unahamisha theluji ya uzito wa tani moja au zaidi. Ndiyo maana beleshi liwe la chuma, na mpini wake uwe wa kurefushwa. La plastiki ni jepesi, nakubali, lakini huruka juu ya theluji iliyoganda na linaweza kuvunjika.

Shanta nzuri za skii zina mfuko wa pekee, wenye zipu yake, kwa ajili ya beleshi na ufito. Usiweke kitu kingine chochote humo. Nimeona watu wakiutumia kuhifadhi kofia, chokoleti, hata soksi zenye unyevu, kwa hoja kwamba pana nafasi, na mwisho beleshi hubanwa katikati ya vitu visivyohusika. Nyumbani, kabla ya kusafiri, vaa glavu nene, vaa shanta, kisha mwombe mtu akuhesabie muda: ivue, fungua, toa ufito na uukaze, toa beleshi na uliunganishe. Rudia mpaka uweze kufanya hivyo ndani ya sekunde 40 huku umefumba macho. Kama huwezi, tatizo mara nyingi haliko mikononi mwako, liko katika jinsi ulivyopanga.

Zipo pia shanta zenye puto linalojaa hewa unapovuta kishikio, nalo humsaidia mtu kubaki karibu na uso wa theluji. Ni kifaa chema, lakini huongeza uzito na kupunguza nafasi, na hakichukui nafasi ya vile vitatu.

Baada ya poromoko, hatari ya pili katika njia hii ni ufa wa barafu uliofunikwa na theluji. Kwa hiyo hanesi, yaani mikanda ya kiunoni na mapajani, huvaliwa tangu asubuhi kabla ya kukanyaga mto wa barafu, wala hailali ndani ya shanta ikisubiri hatari ionekane, kwa kuwa ufa uliofunikwa hauonekani. Kwenye hanesi yenyewe tundika skrubu moja ya kukazwa kwenye barafu, karabina tatu au nne, yaani pete za chuma zinazofunguka za kuunganishia kamba, utepe wa kushonwa wa sentimita 120, na vikamba viwili vyembamba vya kufunga fundo la kupandia kamba. Mtu aliyening'inia ndani ya ufa huweza kufikia hanesi yake, lakini shanta iliyo mgongoni hawezi kuifungua. Kamba ya kikundi iwe juu kabisa ndani ya shanta au chini ya kifuniko chake, na ibebwe na mtu asiyetangulia. Wakati wa kuteremka, ambapo kwa kawaida watu hawajafungana, anayetangulia ndiye aliye karibu zaidi kutumbukia, na akitumbukia na kamba pekee ya kikundi, walioko juu watabaki wakimsikia tu. Kikundi cha watu watano au sita kiwe na kamba mbili, kwa watu wawili tofauti.

Sururu ndogo ya barafu hufungwa nje ya shanta kwa kitanzi chake, ncha ikiwa imefunikwa. Meno ya chuma ya kuvaa chini ya buti hukaa ndani, katika kifuko kigumu, kwa sababu yakiachwa wazi yataitoboa shanta, jaketi, na siku ya kuanguka, hata mgongo wako. Yajaribu nyumbani kwenye buti zile zile za skii utakazovaa. Meno yaliyokaa vizuri kwenye buti za kupandia miamba huweza kuchomoka kwenye buti za skii, na mahali pa kugundua hilo si kwenye mteremko wa kuelekea Plateau du Couloir, juu ya kibanda cha Valsorey, ambako wengi hulazimika kuzivua skii na kupanda kwa miguu.

Kuna meno mengine, ya kuchomekwa kwenye skii zenyewe, ambayo nataka kuyazungumzia kwa kirefu zaidi kwa sababu ndiyo yanayodharauliwa kuliko kifaa kingine chochote. Mwezi wa Aprili theluji huyeyuka juu mchana na kuganda usiku, hivi kwamba asubuhi mteremko huwa mgumu kama sakafu, na ngozi za kupandia, zile zinazobandikwa chini ya skii, hushindwa kushika. Anayepanda huhisi skii ikiteleza kidogo, akajiambia kwamba pale mbele patakuwa afadhali, akaendelea. Mteremko ukazidi kuinuka, na alipokubali kwamba anayahitaji meno alikuwa amesimama mahali ambapo hawezi kuinua mguu mmoja bila kuteleza. Hilo lilinipata mimi, na dakika kumi nilizozitumia kuyatafuta chini ya nguo, huku nimejiegemeza kwenye gongo moja la skii, sitazisahau. Tangu siku hiyo meno ya skii huyaweka kwenye mfuko wa pembeni au yananing'inia kwenye hanesi, na huyavaa palipo tambarare, kabla ya kuyahitaji.

Ngozi za kupandia ni kanda ndefu zenye gundi upande mmoja na manyoya upande wa pili, zinazobandikwa chini ya skii ili iteleze kwenda mbele lakini isirudi nyuma. Jina lake linatokana na siku ambazo zilikuwa ngozi halisi za wanyama, kama za sili. Leo hufumwa kwa nailoni inayodumu, au kwa manyoya ya mbuzi wa Angora yanayoteleza vizuri zaidi, au kwa mchanganyiko wa vyote viwili, ambao ndio ninaoupendelea kwa safari ndefu. Adui wa gundi ni baridi na unyevu. Ukifika juu na kuzibandua, zikunje gundi kwa gundi, uziweke ndani ya jaketi kifuani ili joto la mwili lizitunze mpaka mwinuko unaofuata. Hili ni muhimu kupita kiasi siku ya mwisho, kutoka kibanda cha Vignettes hadi Zermatt, kwa sababu siku hiyo kuna vipito vitatu vya milimani, vya Evêque, Mont Brulé na Valpelline, na kwa hiyo ngozi zinabandikwa na kubanduliwa mara kwa mara. Mfukoni weka pia kipande cha nta ya kuzipaka, maana jua la adhuhuri likipiga theluji, donge la kilo nzima hunata chini ya kila mguu.

Nguo zinahitaji maneno machache. Usivae pamba karibu na ngozi, kwa kuwa pamba ikilowa jasho hukaa na unyevu na kukupoza. Vaa sufu au kitambaa cha michezo. Toka kibandani ukihisi baridi kidogo, kwani baada ya dakika kumi za kupanda utapata joto, na jasho la asubuhi ndilo baridi la mchana. Jaketi la manyoya ya bata liwe juu kabisa ndani ya shanta, ulivae kila mnaposimama kabla hujaanza kuhisi baridi. Jaketi la kuzuia upepo lifuate chini yake. Glavu ziwe jozi mbili, nyepesi za kupandia na nene za kuteremkia, zote zenye kitanzi cha mkononi, kwa sababu glavu iliyopeperushwa na upepo haifukuzwi. Akiba ya nguo ni fulana moja ya ndani, soksi jozi moja na suruali nyepesi ya kibandani. Hayo yanatosha kwa siku sita. Wenye misuko au rasta waijaribu helmeti wakiwa na nywele zile zile watakazosafiri nazo, kwa sababu helmeti inayokaa juu ya misuko huinuka na kuacha paji la uso wazi.

Kwa wenzangu wenye ngozi nyeusi nina ombi moja: msiamini kwamba jua la theluji haliwahusu. Miale ya urujuanimno huongezeka kadiri unavyopanda, na theluji mpya huakisi hadi asilimia 80 ya miale hiyo, hivyo unachomwa kutoka juu na kutoka chini, mpaka chini ya kidevu na ndani ya pua. Melanini husaidia, lakini haizuii midomo kupasuka wala ngozi kuungua kwa siku sita mfululizo. Losheni ya kukinga jua ya kiwango cha 50 na mafuta ya midomo yenye kinga viwe kwenye mfuko wa suruali, mahali ambapo havigandi na ambapo utavikumbuka. Macho, kwa vyovyote, hayana kinga ya rangi. Miwani iwe ya daraja la nne la giza, yenye vizuizi vya pembeni, na miwani mikubwa ya skii iwe ya akiba ikiwa ile itapotea au kuvunjika. Upofu wa theluji huja saa kadhaa baadaye, usiku, macho yakiwa kama yamejazwa mchanga, na anayeupata hawezi kuendelea na safari kesho yake.

Maji yawekwe katika chupa. Mfuko wa maji wenye mrija ni mzuri kwenye joto, lakini mrija huganda asubuhi na mapema, na shanta ikibanwa mfuko unaweza kupasuka juu ya nguo zako kavu. Mimi hubeba themosi ya lita moja yenye chai ya sukari pamoja na chupa nyepesi ya nusu lita. Vibanda hutoa chakula cha jioni na kifungua kinywa, kwa hiyo unachobeba ni cha mchana tu, na kigezo cha kukichagua ni kama kinaweza kutafunwa kikiwa baridi. Chokoleti nyingine huwa ngumu kama jiwe. Tende zilizotolewa kokwa, korosho na jibini hufaa sana, hasa zikikaa kwenye mfuko wa suruali, ili ule ukitembea bila kuvua shanta.

Chini kabisa huingia vitu vya usiku. Vibanda vina magodoro na mablanketi, lakini kila mgeni hutakiwa kuja na shuka lake lililoshonwa kama mfuko; la hariri huwa jepesi na hukunjwa likaenea mkononi. Ndara za kibandani kwa kawaida zipo, usibebe viatu vingine. Vizibo vya masikio havina uzito na vitakupa usingizi katika chumba cha watu kumi na wawili. Beba pasipoti, pamoja na kibali chako cha ukaazi kama unacho, maana unaanza Ufaransa, unamaliza Uswisi, na siku ya mwisho unakatiza kidogo ndani ya Italia. Na anayeishi nje ya eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zenye viza ya pamoja, ahakikishe kwamba viza yake inashughulikia nchi zote tatu. Beba pia faranga za Uswisi taslimu, kwa sababu si kila kibanda hupokea kadi, na maji ya kunywa huko juu hununuliwa.

Kati ya vya juu na vya chini hukaa vile ambavyo unatumaini hutavigusa: mfuko wa dharura wa kujikinga na upepo, blanketi la karatasi ya kung'aa, dawa na bandeji, hasa plasta za malengelenge, tochi ya kichwani, ramani ya karatasi na dira, na betri ya akiba ya simu iliyofungwa ndani ya soksi. Simu yenyewe iwe na ramani iliyopakuliwa, na namba ya dharura 112, ambayo hufanya kazi katika nchi zote tatu. Katika jimbo la Valais la Uswisi, ambamo sehemu kubwa ya njia hupita, gari la wagonjwa na helikopta huitwa kwa 144. Vifaa vya ukarabati vinatosha seti moja kwa kikundi, mradi bisibisi iliyomo iwe inaingia kwenye skrubu za vishikizo vya kila mmoja, yaani vile vinavyoishika buti kwenye skii, jambo linalopaswa kujaribiwa kabla. Ongeza kisu chenye koleo, waya mwembamba, mikanda minne ya mpira ya kufungia skii, na utepe wa gundi uliozungushwa kwenye gongo ili usichukue nafasi. Mkanda wa mpira umeokoa safari nyingi: unafunga ngozi iliyokataa kunata, gongo lililovunjika, buti iliyokatika kifungo, hata mguu uliovunjika.

Ukimaliza, simama na shanta mgongoni. Vitu vizito viwe karibu na uti wa mgongo, katikati ya mabega, la sivyo utavutwa nyuma kila unapogeuka kwenye mteremko. Ifunge pia skii juu yake namna utakavyozibeba kwenye mwinuko wa miamba, uone kama mfuko wa beleshi bado unafunguka.

Kila jioni kibandani, soma taarifa ya hatari ya maporomoko inayotolewa na SLF, taasisi ya Uswisi ya utafiti wa theluji na maporomoko iliyoko Davos, saa 11 jioni, ambayo hupima hatari kwa daraja la kwanza hadi la tano, kisha panga shanta ya kesho kabla ya kulala, kwa sababu mtaamka gizani na chumba kitajaa watu wanaotafuta soksi. Kama kesho kuna mwinuko mgumu, meno ya skii yasogezwe nje. Kama upepo umetabiriwa, miwani mikubwa na glavu nene zipande juu. Asubuhi, mlangoni, mmoja hutangulia hatua ishirini akiwa na transiva yake kwenye hali ya kutafuta, na wengine hupita mbele yake mmoja mmoja mpaka kila transiva isikike. Ndipo mnapoondoka.